Merlot ni laini, si mtamu: kwa wahudumu wapya wa Mwanza

Mdogo wangu unayeanza kuhudumu, mteja atashika chupa ya Merlot, mvinyo mwekundu, aigeuzegeuze, kisha akuulize, “Huu ni mtamu?” Nilipoanza kazi katika hoteli moja kando ya ziwa, nilikuwa najibu, “Ndiyo mama, mtamu sana.” Siku moja mama mmoja alionja, akaisukuma glasi hadi katikati ya meza, akaniambia, “Mwanangu, umenidanganya.” Iliniuma, maana ni kweli nilikuwa nimemdanganya.

Merlot wa kawaida ni mkavu, yaani hauna utamu wa sukari. Zabibu zake asili yake ni Bordeaux, Ufaransa, na huiva mapema kuliko Cabernet Sauvignon, zabibu nyingine za mvinyo mwekundu. Zikishapondwa, juisi huachwa ilale na maganda, kwa sababu rangi imo kwenye ganda. Juisi yenyewe karibu haina rangi. Hamira hula sukari na kuigeuza kilevi, na ikimaliza kazi yake utamu unakuwa umekwisha. Maganda na mbegu ndiyo huleta ukakasi, ule unaokaza ulimi kama umetafuna pera bichi. Wa Merlot huwa mpole kuliko wa Cabernet. Kisha bakteria huibadilisha asidi kali, ya aina iliyomo kwenye tufaha bichi, ikawa ile nyororo ya maziwa mgando. Ulaini unatoka huko, wala hauhusiani na sukari.

Usione haya kuuza ule wa bei nafuu. Mwingi hutoka mabonde ya kati ya Chile, kwenye mashamba tambarare yanayomwagiliwa, ambako ekari moja huzaa sana. Pipa la mwaloni la lita 225 ni ghali, kwa hiyo mvinyo huu hukaa kwenye matangi ya chuma, mara nyingine ukitumbukiziwa vipande vya mwaloni ili upate harufu yake. (Nasema mwaloni mti, maana hapa kwetu ukitaja Mwaloni watu wanawaza soko la dagaa la Kirumba.) Umetengenezwa unywewe ungali mchanga. Kuuficha stoo miaka mingi ukingoja uwe bora ni kuupoteza.

Na stoo yenyewe iangalie. Yetu ilikuwa nyuma ya jiko. Tulifungua katoni tukakuta vizibo vimejisukuma juu, na mvinyo una ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Katoni nzima ikaenda. Tafuta chumba chenye giza, mbali na jiko na dirisha la jua, na chupa yenye kizibo cha gome ilaze ili kizibo kisikauke.

Utasikia kwamba mvinyo mwekundu haupozwi. Ushauri huo ni wa nchi za baridi. Mchana wa Mwanza chupa iliyokaa kaunta ina joto mno, na kilevi kinapanda puani kabla ya harufu ya plamu. Iweke kwenye friji mpaka ikaribie nyuzijoto 16 hadi 18. Ukipoa hivyo unakwenda na nyama choma, hata na sato wa rosti ya nyanya.

Mimina theluthi ya glasi tu. Akiuliza, mjibu, “Hapana mama, ni mkavu lakini laini, onja kwanza.” Akikunja uso, mletee mvinyo mtamu wa Dodoma bila kumbishia.