Mwalimu wa kipaimara husoma nini akiwa nyumbani kwake?

Ndugu uliyeuliza sisi walimu wa dini tunasoma na kusikiliza nini tukishafunga daftari la somo, na kama ni halali kwetu kugusa vitabu visivyo vya kanisa: nimefundisha kipaimara miaka kumi na tisa, na siku za kazi nafundisha Kiswahili sekondari. Nitajibu kwa yale ninayoyaishi.

Mimi husoma kwa mdomo. Kitabu nisichoweza kukisoma kwa sauti sidumu nacho. Nimeurithi mtindo huo kwa baba, aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa. Kila jioni baada ya chakula alisogeza kibatari akasoma sura moja, nasi tukinyamaza. Alikuwa na Biblia iliyotafsiriwa na mmisionari Mjerumani Karl Roehl, ile ya 1937, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa viatu. Kanisani tulisomewa tafsiri nyingine, Union Version ya 1952. Roehl aliyakwepa maneno yenye asili ya Kiarabu kadiri alivyoweza, akatafuta ya Kibantu mahali pake. Union ina Kiswahili cha pwani, na Kiarabu chake hakifichi. Basi Zaburi niliyoisikia nyumbani Alhamisi ilinijia Jumapili ikiwa imevaa nguo nyingine. Nilikaa kwenye benchi nikizilinganisha, kabla hata sijajua kwamba kazi hiyo ina jina. Mpaka leo vijana nawafundishia Biblia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili cha siku hizi, kwa sababu inaeleweka upesi, lakini usiku nikiwa peke yangu narudi kwenye Union.

Sasa hivyo visivyo vya kanisa. Kitabu kilichonifungua masikio ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya karibu na Lamu, uliotungwa yapata karne mbili zilizopita. Kiamu chake, yaani lahaja ya Lamu, kilinitoa jasho. Mara ya kwanza nilisoma beti tano kwa jioni nzima, faharasa ya maneno ikiwa pembeni. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauliza kwa nini haujifunzi, kisha anaupeleka kutazama majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yakiwaka taa. Sasa mna popo humo. Yale madaka ya ukutani, walimokuwa wakipanga sahani za thamani, ndege wameyafanya viota.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikafungua Mhubiri 12. Nyumba ile ile! Walinzi wanatetemeka, wasagaji wameacha kusaga kwa kuwa wamebaki wachache, milango ya kuelekea njiani imefungwa. Sura hiyo nilikuwa nimeifundisha mara nyingi kama mafumbo ya uzee, hiki ni meno, kile ni macho, na vijana wakaandika majibu. Mwislamu wa Pate ndiye aliyenionyesha kwamba kabla ya kuwa fumbo ni nyumba, yenye mlango na vumbi, na kwamba anayeitazama anaihurumia.

Jumamosi moja nikawasomea vijana vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Mmoja akauliza mtunzi wa ule wa kwanza alikuwa mchungaji wa usharika gani. Nikamwambia ukweli. Habari zikafika kwa mzee mmoja wa kanisa, akaniita pembeni baada ya ibada: kwa nini nawalisha watoto maneno ya dini nyingine? Iliniuma, maana namheshimu. Nilimjibu kwa Matendo 17. Paulo pale Areopago hakuanza na Isaya. Aliwashika Waathene kwa maneno ya washairi wao wenyewe, na hakuona kwamba Injili imepungukiwa kitu. Mzee hakukubali. Tuliachana kwa amani, nami utenzi ule naendelea kuusoma darasani.

Shaaban Robert naye hakosi mezani kwangu. Wengi humjua kwa Kusadikika ya shuleni. Mimi namsihi kila mtu asome Maisha Yangu, pamoja na shairi alilomtungia mkewe Amina baada ya kufiwa. Mtaani kwetu palikuwa na mjane mwanamume ambaye sala zilimkwama kabisa. Tulikwenda na Biblia, akatusikiliza kwa adabu tu. Nikamnakilia shairi lile kwa mkono. Baada ya mwezi akanirudishia karatasi, imekunjwa mara nne, kingo zimelainika kama kitambaa. Akaniambia, “Mwalimu, huyu anajua.” Wiki ile akarudi kwenye sala ya asubuhi.

Upande wa kusikiliza, mwongozo wangu ni Agostino, yule mwalimu wa balagha aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Katika Maungamo, kitabu cha kumi, anakiri hofu yake: kwamba anapoimbiwa Zaburi huenda anapenda tuni kuliko maneno. Anafikiria hata kuiondoa tuni. Kisha anakumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo za kanisa siku zile imani inampata, naye anaachia nyimbo zibaki. Kutoka hapo nikajitengenezea kipimo. Wimbo ukinigusa, nausema maneno yake bila tuni, polepole, kama ninayesoma barua. Wimbo wa “Yesu kwetu ni rafiki” unasimama wenyewe hata bila kinanda, na sishangai: Joseph Scriven aliuandika 1855 akiwa Kanada, kumfariji mama yake aliyebaki Ireland. Ni barua kweli. Mapambio mengi ya siku hizi, nasema kwa uchungu, ukiyaondolea kinanda hubaki maneno matatu, na mojawapo ni “mimi”.

Ila wimbo nisioweza kuukosa ni “Mfurahini, Haleluya”. Bernard Kyamanywa aliuandika 1966 akiwa mwanafunzi Makumira, chuo cha theolojia cha Walutheri karibu na Arusha, kwa tuni ya Kihaya. Miaka ile Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha pale, aliwahimiza wanafunzi watumie tuni za kwao badala ya kuazima za Ulaya. Leo unaimbwa hadi Ulaya na Marekani. Alfajiri ya Pasaka, ngoma inapoingia, akina mama wa nyuma huanza kusogea kabla kwaya haijafungua kinywa. Hapo sihitaji kipimo chochote.

Redio ilikuwa ya baba. Alisikiliza Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, kituo cha Walutheri kilichoanza 1963, mpaka serikali ya Ethiopia ilipokichukua 1977. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, na baba alikuwa akisema sauti ile imesafiri kwenda Ethiopia na kurudi ili itufikie. Dansi ya zamani nasikiliza pia, Marijani Rajabu hasa. Anasimulia kisa, kina mwanzo na mwisho, na Kiswahili chake nakipeleka darasani bila kusita.

Ukitaka pa kuanzia, usianze na orodha yangu ndefu. Chukua Mhubiri 12 na zile beti za majumba ya Pate, tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza, msomee vyote jioni moja. Wiki hii namsomea mama. Macho yake hayaoni tena maandishi, lakini jana nilipofika kwenye madaka alinisimamisha, akataka nirudie, kisha akanieleza nyumba ya babu yake ilivyokuwa kabla haijaanguka.