Usiguse kwanza skrubu ya hedi: kufufua Datasette ya Commodore 64

Ujumbe ulionifikia wiki hii ni ule ule wa siku zote, mtumaji tu ndiye amebadilika: "Nimepata Commodore 64 na Datasette yake. Kaseti inazunguka, lakini programu haiingii. Nimeshazungusha ile skrubu ndogo iliyo juu ya vitufe, huku na huku, bado." Datasette ni rekoda ya kaseti ambayo Commodore 64, kompyuta ya miaka ya 1980, huitumia kuhifadhi na kupakia programu. Nikifika hapo kwenye "nimeshazungusha" huwa nashusha pumzi. Mashine iliyokuja na tatizo moja sasa ina mawili, na la pili limelifunika la kwanza.

Skrubu ile huweka mlalo wa hedi, yaani kichwa kinachosoma kaseti, dhidi ya tepu. Ni dawa ya mwisho. Kabla yake kuna umeme, swichi, belti, uchafu, kasi na kaseti yenyewe, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye mojawapo ya hivyo. Anayefuata utaratibu huu hamalizi jioni mbili. Anayeirukia skrubu atabaki akiomba msaada hadi mwezi uishe.

Anza na umeme, tena kabla hujachomeka Datasette. Zile paua (visanduku vya kulishia umeme) za zamani za Commodore 64, zilizojazwa gundi ngumu ndani, zina tabia mbaya: kidhibiti chake kikifa, laini ya volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Kwenye mlango wa kaseti nyuma ya kompyuta kuna pini 6. Kwa mpangilio: A-1 ni ardhi, B-2 ni volti 5, C-3 ni mota, D-4 ni kusoma, E-5 ni kuandika, F-6 ni swichi ya vitufe. Pima kwa mita ya umeme kati ya A-1 na B-2. Unataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Ikizidi hapo, zima na usiitumie paua hiyo tena, hata kama kompyuta "inawaka vizuri". Shika ncha za mita kwa utulivu, maana pini zimekaribiana na ncha ikiteleza itaunganisha mbili kwa mpigo. Na Datasette haichomekwi wala haichomolewi kompyuta ikiwa imewashwa. Hilo halina mjadala.

Sasa zima, chomeka, washa, kisha andika PRINT PEEK(1) AND 16, amri inayoonyesha hali ya swichi ya vitufe. Bila kitufe kubonyezwa, jibu ni 16. Bonyeza PLAY, rudia amri ile ile, na jibu liwe 0. Likibaki 16, kompyuta haijui kuwa umebonyeza, na ndiyo maana ujumbe wa PRESS PLAY ON TAPE (bonyeza PLAY) unang'ang'ania kwenye skrini. Hapo hedi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye swichi ndogo chini ya vitufe, au kwenye waya wa F-6 uliokatikia ndani ya ganda lake, hasa pale kebo inapoingia kwenye plagi. Jibu likiwa 0 muda wote, swichi imeganda ikiwa imefungwa.

Mota nayo inajieleza yenyewe. PLAY ikiwa chini, pini C-3 huonyesha takriban volti 6. Volti zipo na mota imelala? Tatizo liko ndani ya Datasette. Volti hazipo ilhali PEEK inakupa 0? Angalia transista inayolisha mota ndani ya kompyuta, upande wa mlango wa kaseti.

Ukifungua kisanduku, macho yatakwenda moja kwa moja kwenye belti. Mpira wa miaka ya 1980 huishia kwa namna mbili: hulegea ukawa kama kamba ya nguo ya ndani, au huyeyuka kabisa ukawa lami nyeusi iliyoganda kwenye puli, yaani magurudumu yanayopitiwa na belti. Lami hiyo haifutiki kwa kitambaa kikavu, huhamia tu kwenye vidole, kisha kwenye kila unachogusa. Vaa glavu. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, halafu malizia na pamba iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ukibadilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Usiache hata punje kwenye mfereji wa puli ya mota. Puli hiyo ni nyembamba, na kipande kidogo tu cha lami kinaifanya kasi ipande na kushuka kila inapozunguka mara moja.

Belti mpya usinunue kwa kubahatisha. Zungusha uzi kwenye njia ya belti, unyooshe, upime, kisha punguza kati ya asilimia 5 na 10. Uzi ukiwa milimita 220, tafuta belti yenye mzingo wa milimita 198 hadi 209. Wauzaji wengine huandika kipenyo badala ya mzingo, kwa hiyo gawanya kwa 3.14 na utapata takriban 63 hadi 67. Watu hupenda kununua belti iliyobana wakidhani ndiyo imara. Belti iliyobana inaivuta mota upande mmoja, inaimaliza mapema, na kasi inatetemeka. Ile belti ndogo inayoendesha kihesabu cha namba inaweza kusubiri. Bila hiyo programu zinaingia kama kawaida.

Usafi una sehemu tatu. Hedi: pamba na isopropili, futa kuelekea upande ambao tepu inapita, kisha iache ikauke dakika chache. Kapstani, yaani kile chuma chembamba kinachozunguka na kuvuta tepu: tafuta pete ya kahawia iliyoganda, itoe kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa chuma. Rola ya mpira inayokandamiza tepu kwenye kapstani: hii isafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu alkoholi ikizidi inakausha mpira. Ikiwa inang'aa kama kioo, iguse kidogo kwa msasa laini wa namba 600 ikiwa inazungushwa, ufute vumbi. Ikiwa ina nyufa au imebonyea, ibadilishe. Rola ya namna hiyo ndiyo inayotafuna kaseti. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine, kwa ncha ya sindano, linatosha beringi ya kapstani. Yale mafuta ya kupuliza yaache kabatini, yanafika kwenye belti na rola kabla hujaweka kopo chini.

Kuna kitu karibu kila mtu anakiruka: ile swichi ndefu ya kuteleza kwenye ubao, inayosukumwa na kitufe cha RECORD. Ndiyo inayoihamisha hedi kati ya kusoma na kuandika, na ina miguu mingi iliyokaa miaka bila kusogezwa. Ikiota kutu, ishara ya hedi, ambayo ni dhaifu tayari, inapita kwa shida. Mgonjwa wa namna hii ana dalili yake: leo anapakia, kesho hapakii, ukibonyeza RECORD na STOP mara kadhaa anapona kwa dakika kumi. Zima umeme, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya swichi, isogeze mbele na nyuma mara 30, iache ikauke kabisa.

Kasi. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na namba hiyo inakupa kipimo kisicho na gharama. Chukua kaseti isiyo na thamani, vuta tepu, uweke alama mbili kwa kalamu ya wino mzito, umbali wa mita 4.76. Irudishe, bonyeza PLAY, hesabu muda kati ya alama ya kwanza kupita kwenye hedi na ya pili. Kasi sahihi ni sekunde 100, na kila sekunde inayozidi au kupungua ni asilimia 1. Kati ya 98 na 102 huna haja ya kugusa kitu. Nje ya hapo, mota nyingi zina tundu dogo kwa nyuma lenye kirekebishi ndani. Tumia bisibisi nyembamba ya plastiki, sogeza kidogo mno, pima upya. Ila hakikisha kwanza belti ni mpya, la sivyo utakuwa unarekebisha mota kwa kosa la mpira.

Kaseti pia huugua. Fungua mlango uangalie kile kipande cha sufi nyuma ya tepu, kinachoikandamiza kwenye hedi: gundi yake huachia na kipande kikaanguka, na hapo hakuna hedi itakayosoma. Hamishia tepu kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Vumbi jeupe kwenye kingo za tepu ni ukungu. Usiicheze mpaka uusafishe, kwani utaipaka hedi na kuambukiza kaseti inayofuata. Kabla ya kupakia kaseti iliyolala miaka, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, ili mizunguko ya tepu iachane, kisha ijifunge upya sawasawa. Iliyokatika iungwe kwa utepe maalumu wa kuungia tepu. Selotepu ya kawaida gundi yake hutoka pembeni na kuunganisha mizunguko miwili.

Sasa soma skrini inavyokuambia. Wakati wa kupakia kwa LOAD, Commodore 64 huzima picha, kwa sababu chipu ya picha huiba muda wa prosesa na upimaji wa mapigo ya tepu hauvumilii hilo. Picha ikipotea na neno FOUND (imepatikana) lisitokee kabisa, ishara haifiki: rudi kwenye hedi, swichi ya RECORD, sufi ya kaseti. FOUND ikitokea na jina likawa sahihi, kisha ikaja ?LOAD ERROR, ishara inafika lakini inayumba: belti, rola, kasi, au mlalo wa hedi. Tena, mfumo wa kawaida wa Commodore huandika kila kitu mara mbili, hivyo unasamehe dosari ndogo. Programu za kibiashara zenye kipakiaji cha haraka hazina nakala hiyo ya pili na mapigo yake ni mafupi zaidi. Ndiyo sababu jina la mchezo linaingia vizuri, halafu mchezo wenyewe unagoma katikati.

Ikiwa yote hayo yako sawa na kaseti za kiwandani bado zinagoma, ndipo skrubu ya hedi inapata zamu yake. Hedi ina skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, usiiguse. Ile yenye springi chini yake ndiyo yako, na Datasette nyingi zina tundu la kuifikia bila kufungua kisanduku. Weka alama ya ilipo sasa. Chagua kaseti za kiwandani zisizopungua tatu, kutoka kampuni tofauti, maana kaseti moja inaweza kuwa ilirekodiwa ikiwa imepinda. Zungusha robo ya robo ya mzunguko upande mmoja, pakia, endelea mpaka igome, uandike. Rudi upande wa pili mpaka igome tena. Kaa katikati ya pande hizo mbili. Rudia kwa kaseti ya pili na ya tatu, na utafute mahali zote zinapokubali. Aliyekwisha kuizungusha ovyo afanye hivi hivi, itamchukua muda zaidi tu.

Wenye ZX Spectrum za mwanzo, kompyuta nyingine za miaka ile, wanatumia rekoda ya kawaida, na kwao mambo ni mepesi: sauti iwe robo tatu, waya wa MIC uchomolewe wakati wa kupakia, na mistari myekundu na ya samawati pembeni mwa skrini iwe imetulia na yenye upana sawa. Ikitetemeka, ni kasi au belti. Wa Amstrad CPC 464 wana rekoda ndani ya kompyuta yenyewe, na belti yake huisha vile vile.

Mwisho, andika programu fupi ya mistari kumi, ihifadhi kwa SAVE "JARIBIO",1, rudisha kaseti nyuma, kisha andika VERIFY, amri inayolinganisha kilicho kwenye kaseti na kilicho kwenye kumbukumbu. Ukipata OK, jaribu tena kaseti zako tatu za kiwandani. VERIFY ikipita na hizo zikagoma, Datasette inajielewa yenyewe tu, na hedi bado imepinda. Rudi kwenye skrubu kabla hujahifadhi chochote cha maana, kwani utakachokirekodi leo hakitasomeka siku utakapoinyoosha. Vyote vikikubali, dondosha tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili isisogee, na uache ikauke.