Madini joto kwenye mkojo: uwiano wa kreatinini unasema nini?

Shikamoo daktari. Cheti changu cha maabara kina namba mbili za madini joto: 60 kwa lita, na 150 kwa gramu ya kreatinini. Nimesoma kwamba chini ya 100 ni upungufu. Nishike ipi? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Zote mbili zimetoka kwenye kikopo kimoja. Ya kwanza ni maikrogramu za iodini, ndiyo hayo madini joto, katika kila lita ya mkojo, na hiyo inafuata maji uliyokunywa: ukinywa mengi mkojo unakuwa mwepesi, namba inashuka. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwa kiasi kinachokaribiana siku hadi siku, takriban gramu moja kwa mtu mzima. Ukigawa iodini kwa kreatinini, athari ya maji inaondoka. Kreatinini yako ilikuwa gramu 0.4 kwa lita, mkojo mwepesi kweli: 60 gawanya kwa 0.4 ni 150. Mwenzako aliyeshinda shambani bila maji anaweza kupata 150 kwa lita akafurahi, kumbe kreatinini yake ni gramu 2 na uwiano ni 75.

Kwa hiyo ningeshika hiyo 150, ila nisingeikumbatia. Zaidi ya asilimia 90 ya iodini tunayokula hutoka kwa mkojo, tena haraka, hivyo kikopo kimoja kinasimulia milo ya jana na leo tu. Kumkadiria mtu mmoja kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji sampuli kama 10 za siku tofauti. Na ile 100 uliyoisoma ni kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa jamii: unawapanga watoto wa shule kwa namba zao, kisha unamwangalia wa katikati. Maabara inayomwandikia mtu mmoja neno "upungufu" kwa kikopo kimoja imevuka mpaka wake. Ukitaka kujua tezi yako ya shingoni, inayotumia iodini, inafanyaje kazi, omba kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo.

Mimi ni mwembamba, mume wangu anabeba vyuma. Tunakula sufuria moja, mbona uwiano wangu ni mkubwa kuliko wake? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu ya misuli yake. Tuseme kila mmoja anatoa maikrogramu 150 za iodini kwa siku. Wewe ukitoa gramu 0.8 za kreatinini, uwiano wako ni kama 188. Yeye akitoa gramu 1.8, wake ni 83. Iodini ni ileile. Ndiyo maana uwiano usomwe kwa kuzingatia umri na jinsia.

Hatari kubwa iko kwa watoto wenye utapiamlo. Misuli yao ni michache, kreatinini iko chini, na uwiano unapanda hata kama madini joto hayawatoshi. Tafiti za shuleni kwa kawaida hutumia namba ya kwa lita: wakipimwa mamia ya watoto, aliyekunywa maji mengi na aliyekunywa machache wanasawazishana.

Nina mimba ya miezi mitatu. Kipimo hiki kina maana kwangu? (Mama mtarajiwa, Njombe)

Kina maana zaidi kwa watafiti kuliko kwako. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitumia sampuli za wajawazito wa eneo la Bristol zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1990. Watoto wa mama waliokuwa chini ya 150 kwa gramu ya kreatinini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata alama za chini katika akili ya lugha wakiwa na miaka 8, na katika kusoma wakiwa na miaka 9. Wewe unahitaji maikrogramu 250 kwa siku, na mtu asiye na mimba 150. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike, wala usiongeze wingi wake. Vidonge vya mwani wa baharini usimeze bila ushauri wa kliniki, maana vingine vina iodini kupita kiasi, nayo pia huvuruga tezi.

Sisi tunakula samaki kila siku. Bado tuna haja ya kupimwa? (Muuguzi, Wete)

Hilo ndilo watu wa bara walidhani kuhusu visiwani, hadi watoto wa shule wa Pemba walipopimwa mkojo na upungufu ukaonekana. Samaki wana iodini, lakini kiasi hutofautiana sana. Chumvi ya mashamba ya hapohapo nayo mara nyingi haikuwa imewekwa madini joto.

Majibu yangu yameandikwa kwa milimoli ya kreatinini. Nabadilishaje? (Mwanafunzi wa maabara, Dodoma)

Zidisha kwa 8.84, utapata maikrogramu kwa gramu.

Naandaliwa kupata iodini ya mionzi kwa saratani ya tezi. Kwa nini wananipima mkojo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa kikopo kimoja kinafaa, kwa kuwa swali ni jepesi: umejaa iodini au la? Tezi iliyoshiba iodini ya kawaida hainyonyi ile ya mionzi vizuri, ndiyo maana umekatazwa chumvi yenye madini joto na vyakula vya baharini kwa wiki moja au mbili. Uwiano ukiwa juu wakati umefunga kweli, kumbuka kama ulipigwa CT kwa dawa ya kung'arisha picha, unatumia amiodaroni ya moyo, au unasafishwa kidonda kwa povidoni: zote hizo zina iodini. Dawa ya CT huweza kuacha iodini mwilini kwa wiki kadhaa, na amiodaroni kwa miezi. Wape tarehe hizo kabla ya siku ya dozi, waamue kama wasogeze.