Kabla hujakimbilia kiwanja Pongwe, piga hesabu ya nauli

Hapa Tanga ukisema unatafuta pa kuishi kwa bei nafuu, kila mtu anakuelekeza nje ya mji. Nenda Pongwe, nenda njia ya Muheza, kule viwanja bado vya bure. Bei kweli iko chini. Lakini sisi wa kipato cha kutwa hatuishi kwa kiwanja tu, tunaishi kwa kile tunachokifuata mjini kila asubuhi.

Mimi nashona nguo Ngamiani, mume wangu ni kibarua bandarini. Kabla ya kununua tulikaa tukaandika kwenye daftari la wateja wangu: daladala ya watu wawili kwenda na kurudi, ya watoto wa shule, na bodaboda ya usiku siku zamu ikichelewa kuisha. Jumla ya mwezi ilikaribia kodi ya chumba tulichokuwa tumepanga Makorora. Maana yake tungehama kodi ya mwenye nyumba tukaanza kulipa kodi ya barabarani. Tukanunua kipande kidogo Duga, humu humu mjini, kile ambacho dalali mwenyewe alikuwa anaona haya kutuonyesha. Chongoleani hatukuthubutu hata kuuliza. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda liwekwe pale mwaka 2017, kila mwenye minazi mitatu anajiona ana eneo la uwekezaji.

Kuhusu karatasi, ile hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa usiidharau, ila usilalie masikio. Inashuhudia kwamba mmeuziana. Haisemi kwamba pale panaruhusiwa kujengwa. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji, omba kuonyeshwa eneo lako kwenye mchoro wa mipango miji, uone kama hukuuziwa barabara au kiwanja cha mpira. Jirani yetu mmoja alimaliza hadi plasta, asubuhi akakuta X nyekundu ukutani. Na kumbuka kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na mdhamini wake ni Rais. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na hati yake inaweza kuwa ya miaka 33, 66 au 99. Benki ikisikia mkopo wa nyumba inataka hati hiyo, halafu inataka na mshahara unaopita kwenye akaunti. Muuza vitumbua ataupata wapi? Kwa watu wa aina yetu nyumba inajengwa kwa upatu na vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, bati tano leo, tano baada ya Ramadhani.

Ndiyo maana nasema anza na banda la uani. Ramani ya nyumba ya Kiswahili, vyumba vya kulia na kushoto, koridi katikati, ua nyuma, haijapitwa na wakati hata kidogo. Inakubali kujengwa kwa vipande. Choo kwanza, kisha vyumba viwili vya uani, uhamie, kodi ife, halafu ndio unyanyue ya mbele taratibu. Ikiisha unapangisha vyumba viwili, vinalipa ada za shule. Wapo wanaomimina msingi wa vyumba vitano kwa mkupuo, fedha ikakata, nyasi zikaota humo huku wao wanaendelea kupanga. Kibali cha ujenzi kiombe mapema, ukiwa na ramani nzima mkononi.

Kwenye tofali ndiko fedha ya maskini inakovuja. Saruji inatengenezwa hapo hapo Pongwe, ungedhani kwetu ingekuwa ya kutupa. Wapi! Kwa hiyo mafundi wanainyoosha. Wanaofyatua za kuuza, mfuko mmoja wa kilo 50 wanautoa tofali nyingi kuliko inavyostahili, na kwa macho huwezi kujua. Nyanyua moja, iachie kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu. Ikimwagika kama sembe, funga pochi yako. Sisi tulifyatulia kwenye kiwanja, mimi nimekaa kwenye ndoo nikihesabu matoroli ya mchanga kwa kila mfuko, fundi kanuna. Mchanga wenyewe niliuonja. Usicheke: weka punje ulimini, ukisikia chumvi ni wa pwani, na ukuta wake utatoa unga mweupe na kubandua rangi, nondo nazo zitaliwa na kutu. Tofali zikishafyatuliwa zimwagiliwe maji siku 7, asubuhi na jioni. Kazi hiyo walifanya watoto, kwa malipo ya ubuyu.

Bati nalo, kwa huu upepo wa bahari, usiangalie bei tu. Geji ndicho kipimo cha unene, na namba yake ikiwa ndogo ndipo bati linapokuwa nene: 28 ni nene kuliko 30. Na kama fedha ya tofali haipo kabisa, miti na udongo juu ya msingi wa mawe, ukakandika vizuri na kupaka chokaa, ni nyumba. Wanaokubeza hawatakulipia kodi.

Kwa wanaoendelea kupanga, adha kubwa ni kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, kana kwamba vibarua nao hulipwa kwa mwaka. Wanaokubali mwezi kwa mwezi wapo, wengi ni bibi na babu wanaoishi humo humo ndani ya nyumba. Hao hawana dalali. Ulizia msikitini, dukani, kwa mama wa mbaazi. Mkipatana andikishaneni, hata kama anakuita mwanangu.

Halafu angalia LUKU, umeme wa kununua tokeni kabla ya kutumia. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo kila mwezi, ilianza na shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe. Tunza ujumbe wa kila tokeni yenye makato, siku ya kulipa umpelekee akupunguzie kwenye pango. Mwenye nyumba wetu wa Makorora aliguna sana mara ya kwanza, baadaye akawa anapunguza mwenyewe kabla sijatoa simu.