Ukitafuta historia ya nyumba ya kijijini Uingereza, anzia mwisho

Mama mkwe wangu anaishi Suffolk, katika nyumba ya mbao na udongo ambayo kila mgeni huambiwa ina miaka mia nne. Nilipomuuliza nani alisema hivyo, akajibu, "Aliyetuuzia." Mimi ni mtu wa Bukoba, na kwetu huwezi kukaa kwenye shamba usijue lilitoka kwa nani. Nikajitolea kutafuta. Nilidhani ni kazi ya wikendi mbili. Ilinichukua misimu miwili ya baridi, na nusu ya muda huo uliliwa na makosa ambayo wewe huna haja ya kuyarudia.

Kwanza ujue unatafuta nini. Ardhi nyingi ya vijijini kule haikuuzwa kwa hati kati ya watu wawili. Ilikuwa ardhi ya kopiholdi, na kila ilipohama mkono ilipitia kwa bwana wa manori, kabaila aliyeshika eneo lile. Muuzaji alikwenda kwenye baraza la bwana, mara nyingi chumba cha baa ya kijijini, akashika fimbo na kumkabidhi msimamizi wa baraza. Hapo ardhi ilikuwa imerudi kwa bwana. Msimamizi akamgeukia mnunuzi, akamshikisha fimbo ileile, naye akawa amepokewa. Mnunuzi akalipa kilemba, yaani ada ya bwana ya kupokewa, akaapa utii, mambo yote yakaandikwa kwenye gombo la ngozi, naye akaenda zake na nakala. Jina la umiliki huu limetokana na nakala hiyo, "copy" kwa Kiingereza. Shamba ni lako kwa sababu gombo la baraza linasema hivyo, na nakala unayo.

Mwenye shamba akifa, wazee wa baraza walitamka kifo chake mbele ya msimamizi, na katika manori nyingi bwana alichukua mnyama bora zizini. Mrithi asipotokea, mbiu ilipigwa kwenye mabaraza matatu, kisha bwana akalitwaa shamba. Msomaji wa Kagera hapa atakumbuka nyarubanja, ukabaila wa ardhi wa kwetu. Babu yangu alilima ardhi ya mtu kwa mtindo huo mpaka sheria ya 1965 ilipofungua njia ya wakulima kukombolewa. Ila babu hakuwahi kupewa nakala ya chochote.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilianza na miaka ya 1500, kwa sababu ndiyo niliyotaka kuifikia. Usifanye hivyo. Kopiholdi ilifutwa rasmi tarehe 1 Januari 1926, kwa sheria iliyopitishwa 1922, kwa hiyo anzia miaka ile ya mwisho urudi nyuma. Maandishi ya wakati huo ni ya Kiingereza na yanasomeka. Zaidi ya hapo, kila mtu anapopokewa, karani hutaja aliyetangulia: shamba hili ni lile ambalo fulani alipokewa kwenye baraza la tarehe fulani. Unakwenda kwenye tarehe hiyo, unamkuta fulani, naye anakutajia wa nyuma yake. Jioni moja nilirudi nyuma miaka tisini bila kunyanyuka kwenye kiti. Eneo la shamba na majina ya majirani hayakuwa yamebadilika hata neno, kwani makarani walinakili maelezo ya zamani kama yalivyo. Jirani "wa upande wa mashariki" anaweza kuwa amekufa miaka hamsini na bado anatajwa. Usimhesabu kama yu hai.

Kosa la pili lilinigharimu nauli. Nilidhani manori na parokia ni kitu kimoja. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na manori tatu, na manori moja ikagusa parokia kadhaa. Nilisoma magombo ya manori isiyo yetu kwa safari nne, nikishangaa mbona jina la shamba halitokei. Dawa ipo: Nyaraka za Taifa, kule Kew, wanatunza rejista ya nyaraka za manori zote, na unaweza kuitafuta kwenye intaneti. Itakuambia magombo yapo wapi, na si lazima yawe kwenye kaunti yako. Bwana wa manori angeweza kuwa askofu au chuo cha Cambridge, na karatasi zikamfuata mwenyewe. Magombo ya Wakefield, yanayoanza mwaka 1274 na kufika 1925, yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Leeds.

Kilatini kisikutishe sana. Magombo yaliandikwa kwa Kilatini mpaka 1733, lakini ni Kilatini cha karani anayerudia maneno yaleyale kila baraza. Jifunze kama kumi na tano tu: venit, amekuja, obiit, amefariki, sursum reddidit, amerudisha, per virgam, kwa fimbo, dat de fine, anatoa kilemba. Kinachosumbua ni vifupisho, maana karani alikula nusu ya kila neno. Mimi nilijifunza mwandiko wa kila karani kwa kutazama sentensi ya kwanza ya baraza, ambayo haibadiliki.

Tarehe ndizo zilizonikosesha usingizi. Kitabu cha mazishi cha kanisa kilisema mwenye nyumba alizikwa Novemba 1731. Gombo likasema mjane wake alipokewa Januari 1731. Mjane, miezi kumi kabla ya mazishi! Nilikwisha kutunga hadithi nzima ya ndugu wawili wenye jina moja. Kumbe wakati ule mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari 1731 ilikuja baada ya Novemba 1731. Kwetu sisi ni Januari 1732. Jibu lilikuwa kwenye kichwa cha baraza muda wote: mwaka wa tano wa utawala wa George wa Pili, ambao ulianza Juni 1731. Tangu siku ile nasoma mwaka wa mfalme kwanza. Mwaka mpya ulihamia tarehe 1 Januari 1752, kwa hiyo tahadhari hii ni ya kumbukumbu za kabla ya hapo.

Mengine kwa haraka. Ukiona shamba limerudishwa kwa masharti kwamba likilipiwa kiasi fulani siku fulani basi mambo yaishe, hiyo ni rehani, si mauzo. Mimi nilimhamisha mtu kijijini kwa sababu ya mkopo alioulipa. Usishangae mrithi akiwa kitindamimba, maana kila manori ilikuwa na mila yake, na kwingine mtoto wa mwisho ndiye aliyerithi. Na aliyepokewa huenda hakulala hata usiku mmoja katika nyumba hiyo. Gombo linataja mwenye haki. Mpangaji wake, aliyeziba matundu ya paa, hatajwi ila kwa bahati.

Nimekwama mwaka 1654. Hapo maandishi yanakuwa ya Kiingereza ghafla, kwa kuwa enzi za Cromwell, Uingereza ilipokuwa haina mfalme, Kilatini kiliwekwa kando, kikarudi pamoja na mfalme mwaka 1660. Aliyepokewa ni mwanamke, mjane, na gombo la kabla yake limeliwa na panya au limepotea. Nilimpigia mama mkwe kumpa habari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kilemba walimtoza kiasi gani?"

Shilingi arobaini, nikamwambia.

"Wezi," akasema, akaenda kuzima jiko.