Mtoto analia kila akienda kufungwa kidonda: afanyiwe nini?

Pole sana, dada. Mtoto wa miaka 4 aliyemwagikiwa uji wa moto mkononi, akilia hata kabla bandeji haijaguswa, hadeki. Anakumbuka maumivu ya mara ya kwanza, kwa hiyo anza na hayo. Mwombe muuguzi dawa ya maumivu ya kunywa dakika 30 hadi 60 kabla ya kidonda kusafishwa. Akipewa mlangoni, itakuwa haijaanza kufanya kazi.

Omba asilazwe chali na kukandamizwa. Mpakate kifua kwa kifua, umzungushie mkono, mkono wenye jeraha utokeze upande wa muuguzi. Azungumze mtu mmoja tu. Usimwambie "haiumi", maana akigundua si kweli hatakuamini tena. Sema, "Itauma kidogo, tupulize pamoja, fuuu." Bandeji ikigandia, waombe wailoweshe kwanza, kuibandua kavu ndiko kunakotia hofu ya siku nzima.

Aliyekuwa naye siku alipoungua asigombezwe mbele ya mtoto. Watoto wa umri huu hujiona wao ndio chanzo.

Kukojoa kitandani na kushtuka usiku wiki za mwanzo ni kawaida. Yakipita mwezi, mwambieni daktari.