Bloodlines inakataa kufunguka, inadai RAM ni MB 15

Kaka, RAM yako ni nzima. Bloodlines (jina kamili Vampire: The Masquerade – Bloodlines) ni gemu ya 2004, na injini yake huhesabu vibaya RAM kubwa za siku hizi. Kiraka cha mashabiki (faili la marekebisho), Unofficial Patch, hurekebisha hilo.

Kwanza hamisha gemu kutoka Program Files hadi C:\Games, kwa sababu Windows huzuia faili kuandikwa pale na kiraka huingia nusunusu. Ukipakua kwa bando ya simu, linganisha ukubwa wa faili na ulioandikwa kwenye ukurasa. Faili likikatika katikati, anza kupakua upya. Kisha endesha kisakinishi, ukikielekeza kwenye folda yenye vampire.exe. Chagua toleo la kawaida la kiraka ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza kucheza. Toleo la Plus hurudisha pia sehemu za gemu zilizokatwa kabla haijatoka.

Wengi hukwama hapa: Steam bado hufungua gemu bila kiraka. Kwenye vigezo vya kuanzisha gemu ndani ya Steam (Launch Options), andika -game Unofficial_Patch.

Sevu za zamani zimebaki Vampire\save, lakini tafadhali anza gemu mpya. Marekebisho mengine hayaingii kwenye ramani ulizokwisha kuzifungua.